KALAMU INAYOANDIKA TETEMEKO LA NCHI

1. Nani atasimama pasipo kutikisika?

Nchi inatetemeka. Madirisha yanalia, vumbi linaanguka kutoka darini, taa iliyotundikwa inayumba, mbuzi wanakimbia huku na huku. Watu wanatoka nje mbio, mama wakibeba watoto wao. Baada ya muda mfupi yote kimya. Kisha maneno yanaanza.

Mmoja asema: «Limetoka upande wa ziwa.» Mwingine akataa: «Hapana, limetoka upande wa mlima.» Wa tatu asema tetemeko limedumu dakika tano. Wa nne asema halikupita muda wa kusali Salamu Maria moja. Wote walikuwapo, wote waliona, na hata wawili hawapatani.

Je, watu hawa ni waongo? Sivyo. Ukitaka kupima mwendo wa kitu, sharti usimame mahali pasipokwenda. Mtu aliyesimama ukingoni mwa mto aweza kuona vema mtumbwi unavyokwenda. Lakini nchi ikitetemeka, nyumba inatetemeka, mti unatetemeka, na yeye mwenye kupima anatetemeka pamoja navyo. Basi atasimama wapi?

Swali hilo liliwashinda watu miaka mingi sana. Jibu lake lilipatikana katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, hasa katika nchi ya Ujapani. Sikilizeni jinsi ilivyokuwa.

2. Mawazo ya watu wa kale

Ujapani ni nchi ya visiwa, mbali sana, upande wa mashariki ya China. Huko nchi hutetemeka mara nyingi kuliko karibu nchi zote za dunia. Wazee wa Ujapani walisimulia kwamba chini ya nchi yao amelala samaki mkubwa, yaani kambare. Mungu wao mmoja amemkandamiza kwa jiwe kubwa. Mungu huyo akisahau kazi yake, kambare anapiga mkia, na miji inaanguka. Mwaka 1855 tetemeko kali liliharibu mji wa Edo, ambao sasa waitwa Tokyo. Siku zile watu walinunua kwa wingi picha za kambare huyo.

Wachina nao walifikiri sana juu ya jambo hili. Mwaka 132 mtu mwenye elimu, jina lake Zhang Heng, alitengeneza chombo kikubwa cha shaba. Kandokando yake palikuwa na vichwa vinane vya joka, kila kimoja na tufe mdomoni. Chini yake walikaa vyura wanane wa shaba, vinywa wazi. Nchi ikitikisika, tufe moja huanguka katika kinywa cha chura, nalo huonyesha upande. Ulikuwa ufundi mkubwa. Lakini chombo kile kilisema tu: «Nchi imetikisika.» Hakikuweza kusema imetikisika namna gani, kwa nguvu gani, wala kwa muda gani.

Katika Italia, ambako pia nchi hutetemeka, mapadri walikuwa kati ya watu wa kwanza kutafuta chombo bora. Padri Filippo Cecchi, aliyefundisha katika mji wa Firenze, alitengeneza mwaka 1875 mashini ya kuandika mwendo wa nchi. Lakini mashini hiyo haikuweza kusikia matetemeko madogo. Kazi ilikuwa imeanza, haijakwisha.

3. Mwalimu aliyechoshwa na bahari

Mwaka 1875 serikali ya Ujapani ilikuwa ikiita walimu kutoka Ulaya na Marekani, wawafundishe vijana ufundi mpya. Mmoja wa walioitwa alikuwa Mwingereza John Milne, aliyezaliwa Liverpool mwaka 1850. Kazi yake ilikuwa elimu ya mawe na migodi.

Watu wengine walikwenda Ujapani kwa merikebu. Lakini Milne aliugua sana kila aliposafiri baharini. Basi akachagua njia ya nchi kavu. Alipita Urusi, akapita Siberia na Mongolia katikati ya baridi kali, mpaka China, na miezi mingi ikapita njiani. Mwezi wa Machi 1876 akafika Tokyo. Inasimuliwa kwamba usiku wake wa kwanza mjini humo nchi ilitetemeka, kana kwamba inampigia hodi.

Tarehe 22 Februari 1880 tetemeko lilipiga mji wa bandari wa Yokohama. Dohani nyingi za nyumba zilianguka, kuta zikapasuka. Milne hakungoja. Aliwakusanya Wajapani na wageni wenye elimu, na mwaka ule ule wakaanzisha chama cha kuchunguza matetemeko. Duniani pote kilikuwa chama cha kwanza cha namna hiyo. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mjapani, Hattori Ichizo.

Milne alikuwa na akili ya mambo madogo madogo. Alipeleka furushi za kadi za posta kwa wakubwa wa miji iliyozunguka Tokyo. Akawaomba: «Kila juma mniletee kadi moja. Andikeni kama mmesikia tetemeko, na saa gani.» Kadi zikamrudia kwa wingi, naye akaweza kuchora katika ramani matetemeko yalikotokea. Mtu mmoja hana macho ya kuona nchi nzima, lakini watu wengi wakiandika kwa uaminifu, nchi nzima inaonekana.

4. Jiwe na uzi

Sasa turudi kwenye swali letu: nani atasimama pasipo kutikisika?

Fanyeni jaribio hili. Funga jiwe zito kwa uzi mrefu, lishike likining'inia, kama mwashi anavyoshika timazi. Sasa tikisa mkono wako upesi upesi, kidogo kidogo, kushoto na kuume. Tazama jiwe. Mkono wakwenda, lakini jiwe labaki karibu mahali pake! Kwa nini? Kila kitu kizito kilichotulia ni kivivu: hakipendi kuanza kwenda. Kabla jiwe halijaanza kuufuata mkono, mkono umekwisha kurudi.

Basi jibu ni hili: katika tetemeko, anayesimama ni jiwe lililotundikwa. Nyumba yatikisika, meza yatikisika, jiwe labaki. Tukifunga kalamu kwenye jiwe, na chini yake tukiweka karatasi juu ya meza, nchi itaisukuma karatasi huku na huku chini ya kalamu. Hivyo nchi yenyewe itaandika mwendo wake.

Lakini liko tatizo. Ukiutikisa mkono polepole, jiwe litaufuata. Na nchi mara nyingine hutikisika polepole. Dawa yake ni kuwa na timazi inayoyumba polepole zaidi kuliko nchi. Timazi ya kawaida ya namna hiyo ingehitaji uzi mrefu kupita mnara wa kanisa.

Aliyepata njia nyepesi alikuwa Mskoti James Alfred Ewing, mwalimu mwenziwe Milne huko Tokyo. Fikirini mlango. Kama mwimo wake umesimama wima kabisa, mlango hukaa popote unapouacha. Kama mwimo umeinama kidogo sana, mlango hurudi wenyewe, lakini polepole. Ewing alitundika uzito wake kama mlango, si kama timazi. Chombo kikawa kidogo, chaweza kukaa mezani, nacho kiliyumba polepole kama timazi ndefu. Mskoti mwingine, Thomas Gray, aliwasaidia kwa ufundi wake.

Kalamu yao haikuwa ya wino, maana wino hukauka na karatasi huzuia. Walichukua bamba la kioo, wakalipaka masizi juu ya moto wa taa mpaka likawa jeusi. Ncha nyembamba iligusa masizi yale. Mashini kama ya saa ililizungusha bamba. Nchi ikiwa tulivu, ncha ilichora duara safi. Nchi ikitetemeka, mstari uliandika mawimbi. Chombo hiki kinaitwa sismografu.

5. Mambo yaliyoandikwa na kalamu

Mwezi wa Novemba 1880 sismografu ya Ewing ilianza kuandika matetemeko. Wenye elimu wakastaajabu. Watu wengi walidhani tetemeko ni pigo moja kubwa, kama nyundo inavyopiga chuma. Kumbe sivyo. Tetemeko huanza kwa mtikisiko mdogo sana, ambao mtu pengine hausikii. Kisha huja mawimbi makubwa, kutoka pande nyingi, yakichanganyikana. Baadaye hupungua polepole, hata dakika nzima au zaidi.

Jambo la pili: katika matetemeko mengi nchi haikusogea ila milimita chache, au pungufu ya hapo. Watu waliosema «nchi iliruka kama farasi» walidanganywa na hofu yao.

Mjapani Sekiya Seikei aliutazama mstari wa tetemeko la tarehe 15 Januari 1887. Akachukua waya, akaukunja kufuata njia ambayo punje moja ya udongo iliipita katika tetemeko lile. Waya ule ulifanana na uzi uliovurugwa na paka. Huyu Sekiya ndiye aliyekuwa profesa wa kwanza duniani wa elimu ya matetemeko, mwaka 1886.

Milne naye hakungoja matetemeko tu, alijitengenezea mengine. Aliangusha tufe zito la chuma, akalipua baruti ardhini, akapima mawimbi yanavyokwenda. Aliweka vyombo katika udongo laini, katika udongo mgumu, hata ndani ya shimo. Akaona kwamba mahali pa chepechepe hutikisika zaidi kuliko mahali pa imara. Hili ni neno kubwa kwa kila mtu anayechagua kiwanja cha nyumba.

6. Asubuhi ya tarehe 28 Oktoba 1891

Mapema asubuhi ile, watu wakiwa wanaanza kazi za siku, tetemeko la kutisha lilipiga nchi ya Mino na Owari, katikati ya Ujapani. Watu zaidi ya 7,000 walikufa. Nyumba zaidi ya 100,000 ziliharibika. Daraja la chuma la gari la moshi juu ya mto Nagara lilianguka. Majengo mapya ya matofali, yaliyojengwa kwa namna ya Ulaya, ambayo watu waliyasifu kwa nguvu yake, yaliporomoka.

Milne alikwenda kutazama. Watu waliuliza: «Ni nani aliyewaua hawa?» Jibu lilikuwa chungu: wengi hawakuuawa na nchi, waliuawa na nyumba. Kuta nzito zisizofungwa vizuri na dari nzito zisizoshikwa imara, hizo ndizo zilizowaangukia.

Mjapani mwingine, Koto Bunjiro, alifuata bonde la Neo kwa miguu. Aliona kwamba nchi imekatwa kama kwa kisu, ufa ukienda makumi ya kilometa. Mahali paitwapo Midori, upande mmoja ulikuwa umeinuka karibu meta 6 kuliko mwingine. Barabara iliyokuwa sawa ilikatika katikati. Wengine walifikiri kwamba tetemeko ndilo lililopasua nchi. Koto akasema kinyume: nchi ilikatika na kuteleza, na kule kukatika ndiko kulikoleta tetemeko. Ni kama fimbo unayoikunja. Inavumilia, inavumilia, kisha inavunjika ghafula, na mikono yako inasikia mshtuko. Leo elimu ya dunia yote yakubali kwamba matetemeko makubwa hutokea kwa namna hiyo.

Mwaka 1892 serikali iliweka baraza la wenye elimu, wachunguze matetemeko na namna ya kujenga nyumba zinazoyastahimili. Kijana Omori Fusakichi alihesabu matetemeko madogo yanayofuata tetemeko kubwa. Mwaka 1894 akaonyesha kwamba hupungua kwa taratibu yake: mengi siku za kwanza, machache baadaye. Kwa hiyo baada ya tetemeko kubwa si vema kurudi upesi ndani ya nyumba iliyopasuka.

7. Habari iliyofika Ujerumani

Zamani kidogo ya msiba huo, Mjerumani mmoja kijana, Ernst von Rebeur-Paschwitz, alikuwa akitafuta jambo jingine kabisa. Alitaka kujua kama mwezi unaivuta nchi na kuiinamisha kidogo sana. Kwa kazi hiyo alitengeneza vyombo vyepesi vya ajabu, akaviweka Potsdam na Wilhelmshaven. Tarehe 17 Aprili 1889 vyombo vyote viwili viliandika mtikisiko mkubwa, na Ujerumani hakuna mtu aliyesikia kitu. Baadaye akasoma katika gazeti la wenye elimu kwamba siku ile ile tetemeko lilitokea Tokyo. Akalinganisha saa, akaelewa: tetemeko la Ujapani limepita katika nchi mpaka Ulaya!

Kijana huyo alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Alikufa mwaka 1895, umri wake miaka 34 tu. Kabla ya kufa aliwahimiza wenye elimu wa nchi zote washirikiane, kwa maana tetemeko moja ni habari ya dunia nzima.

8. Moto, na kuanza tena

Tarehe 17 Februari 1895 nyumba ya Milne huko Tokyo ilishika moto. Vitabu, vyombo, na maandishi ya miaka mingi, vyote viliteketea. Mtu mwingine angeacha kazi. Milne alirudi Uingereza pamoja na mkewe Mjapani, Horikawa Tone. Wakakaa katika kisiwa cha Wight, mahali paitwapo Shide. Mjapani Hirota Shinobu alikuwa msaidizi wake. Hapo Milne akaanza tena. Alitaka sismografu za namna moja ziwekwe katika nchi nyingi, na wote wampelekee habari. Vituo vikaongezeka, hata Afrika: Cape Town, Kairo, na kisiwa cha Morisi. Mpaka alipokufa, mwaka 1913, habari za matetemeko ya dunia zilikusanyika katika nyumba moja ya shamba.

Tarehe 12 Juni 1897 tetemeko kubwa lilipiga Assam, katika Uhindi. Mwenye elimu Richard Oldham alichungua mistari iliyoandikwa mbali, akatambua kwamba mawimbi si ya namna moja. Ya kwanza hukimbia sana, ya pili hufuata polepole zaidi, na ya mwisho hupita juu juu ya nchi.

Ninyi mnajua umeme na radi. Mwanga wa umeme waonekana kwanza, sauti ya radi yafuata. Sauti ikichelewa, mvua iko mbali. Ikifuata mara moja, iko karibu. Ndivyo ilivyo na mawimbi ya nchi. Kati ya wimbi la kwanza na la pili, kila sekunde moja ni karibu kilometa 8. Zikiwa sekunde 10, tetemeko limetokea mbali kilometa 80 hivi. Lakini upande gani? Kituo kimoja hakijui. Chora duara kuzunguka kituo hicho. Vituo vingine viwili vichore duara zao. Mahali duara tatu zinapokutana, hapo ndipo nchi ilipokatika.

Mwaka 1906 Oldham aliona kwamba mawimbi yanayopita katikati kabisa ya dunia hukawia. Akatambua kwamba ndani ya dunia mna kiini cha namna nyingine. Hakuna mtu aliyewahi kuchimba hata karibu na hapo. Habari ilipatikana kwa mstari wa kalamu.

9. Faida kwetu

Maziwa ya Tanganyika, Kivu, Edward na Albert yamelala katika bonde refu, ambamo nchi ya Afrika inaachana polepole, milimita chache kila mwaka. Ndiyo sababu watu wa Kivu, Burundi na Rwanda wanayajua matetemeko. Huko Lwiro, karibu na Bukavu, sismografu ziliwekwa katika miaka ya 1950. Huko Goma wenye elimu husikiliza kwa vyombo hivyo milima ya moto, Nyiragongo na Nyamulagira. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko lilipiga Bukavu na ng'ambo ya Rwanda, watu makumi wakafa. Tena, wengi walikufa kwa kuangukiwa na kuta.

Je, sismografu yaweza kusema kesho nchi itatetemeka? Hapana. Hata leo hakuna mtu awezaye kutaja siku wala saa, na anayejidai kujua anawadanganya watu. Lakini tangu mwaka 2007 katika Ujapani nzima vyombo vinasikia wimbi la kwanza, na upesi kuliko wimbi la pili vinapeleka habari kwa umeme. Watu hupata sekunde chache. Sekunde chache zatosha kuzima moto na kuingia chini ya meza.

Nasi tukumbuke yale yaliyojifunzwa kwa machozi ya mwaka 1891: kiwanja imara, kuta zilizofungwa pamoja vema, vitu vizito visiwekwe juu ya kitanda. Nchi ikitikisika, jikinge kichwa, kaa mbali na madirisha na kuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ukuta huo waweza kuwaangukia watoto wako.

MASWALI

1. Kwa nini watu walioona tetemeko moja hawapatani katika habari zao?
2. Chombo cha Zhang Heng kilionyesha nini? Hakikuweza kuonyesha nini?
3. Fanyeni jaribio la jiwe na uzi. Ukitikisa mkono upesi, jiwe linafanya nini? Ukiutikisa polepole?
4. Ewing alifananisha uzito wake na nini, na kwa faida gani?
5. Koto Bunjiro alisema nini juu ya ufa wa bonde la Neo?
6. Kati ya wimbi la kwanza na la pili zimepita sekunde 5. Tetemeko limetokea umbali gani?
7. Kwa nini vituo vitatu vinahitajiwa?
8. Tazama nyumba yenu. Ni kitu gani kingeweza kuanguka? Mwambie baba au mama, mkitengeneze pamoja.